Kina Kisije Kikamfisha Mama: Namna ya Kutunga Shairi Linaloimbika

Babu yangu alikuwa seremala hapa Tanga, na sikumwona hata siku moja akisoma shairi kimyakimya. Gazeti likifika anaweka randa chini, anapangusa mikono, anafungua ukurasa wa mashairi na kuimba. Akijikwaa katikati ya mshororo husema, "Huyu hapa kapungukiwa." Ukihesabu, kweli, silabi saba badala ya nane. Yeye hakuhesabu, sikio lilikwisha kumwambia.

Ndiyo maana vijana wanaokuja barazani kwangu Jumamosi kujifunza utunzi siwapi kalamu siku ya kwanza. Nawaambia waimbe. Chukua shairi lolote la tarbia, yaani la mishororo minne kila ubeti, liimbe kwa sauti unayoijua, ya kaswida au ya wimbo wa kubembeleza mtoto, mpaka nane kwa nane ikae mwilini. Shairi kwangu ni maneno yaliyopimwa yakaimbika, na ndani yake mna jambo ambalo mtu amelishika kwa mikono yake. Kipimo bila jambo ni ngoma tupu. Jambo bila kipimo laweza kuwa barua nzuri, na barua nzuri nazipenda, lakini tunazungumzia shairi.

Sasa kipimo chenyewe. Mshororo wa kawaida una mizani kumi na sita, nane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza, nane katika utao, nusu ya pili. Mizani ni silabi tu. Wengi huteleza kwenye "m" na "n" zinazosimama peke yake: "mtu" ni mbili, "mkate" ni tatu, "nchi" ni mbili, lakini "mbuzi" ni mbili pia, kwa sababu "mbu" hutamkwa pamoja. Ukiwa na shaka, piga kofi moja kwa kila silabi. Kina cha kati, yaani silabi inayofunga ukwapi, kifanane mishororo yote ya ubeti, na cha mwisho vilevile. Mshororo wa nne ukirudiwa kila ubeti huitwa kibwagizo. Ukibadilika, ni kituo. Utenzi ni mwepesi zaidi kwa macho: mistari minne ya mizani nane, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne unabeba kina kinachokwenda mpaka mwisho wa utenzi wote. Sheria hizi Amri Abedi alizipanga vizuri kitabuni mwaka 1954, na mtu aweza kuzijua zote kwa wiki mbili.

Kazi inaanza baada ya hapo.

Mwaka huu alinijia kijana fundi wa pikipiki, mkono mweusi kwa grisi, akanisalimu, "Shikamoo, Bi Mwalimu," akanisomea ubeti huu kwenye simu yake:

Mama yangu nakupenda, nakupenda sana mama,
Wewe kwangu ni matunda, mazuri yenye neema,
Siku zote utakwenda, mbinguni kwa watu wema,
Mama yangu nakupenda, nakupenda sana mama.

Hesabu: mizani imetimia. Vina vipo, "nda" na "ma". Nikamwuliza, "Mwanangu, pole, mama amefariki lini?" Akashtuka. Mama yu hai, buheri wa afya, anauza vitumbua. Basi kwa nini umempeleka mbinguni? Akanyamaza, kisha akasema kweli: alikuwa anatafuta neno la "nda".

Hapo ndipo mashairi mengi yanapoharibikia. Kina kimeshika usukani na mtunzi kakaa nyuma. Dawa yake ni hii: kabla hujatafuta kina chochote, andika jambo lako kwa maneno ya kawaida, nusu ukurasa, kama unamsimulia jirani. Sikumruhusu kuandika "nakupenda". Nikamwuliza maswali. Mama anaamka saa ngapi? Saa kumi alfajiri. Wewe unajuaje? Nasikia upawa ukigonga. Mikono yake ikoje? Vidole vimebabuka mafuta. Kitumbua cha kwanza anampa nani? Akainamisha kichwa. Mimi, akasema, tangu mdogo mpaka leo.

Tazama maneno aliyoyasema: amka, gonga, babuka. Kati yake "ka" imejitokeza yenyewe mara mbili, kwenye kuamka na kubabuka. Hicho ndicho kina chako, nikamwambia, kimetoka nyumbani kwenu, usiende kukisaka kwenye kamusi. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi, akatoka na huu:

Saa kumi huamka, giza lingali nyumbani,
Unga nao waumuka, wafurika bakulini,
Vidole vimebabuka, kwa mafuta ya motoni,
Cha kwanza kikishatoka, hunitia mkononi.

Neno "mama" halimo. Neno "nakupenda" halimo. Mimi niliyekwisha kusikia beti nyingi za mama nilibaki nimeshika kikombe bila kunywa.

Angalia pia alichokitupa. "Sana" ilikuwapo kujaza mizani mbili. Maneno kama "sana", "kweli", "jamani", "nawambia" ni vigingi vya kuzibia matundu. Kila moja liulize linafanya nini pale, na likikosa jibu litoke. Washairi wana ruhusa ya inkisari, yaani kufupisha neno, "alokuja" kwa "aliyekuja", na mazida, kulirefusha, "enenda" kwa "nenda". Itumie kama chumvi. Ubeti wenye maneno manne yaliyokatwa mkia unachosha mdomo, na mwimbaji ndiye wa kwanza kujua.

Jambo jingine ninalolishikilia: mtungie mtu mmoja. Mwana Kupona, alipotunga utenzi wake mwaka 1858 huku anaugua, alikuwa anamuusia binti yake. Hakuhutubia ulimwengu. Tunausoma mpaka leo kwa sababu tunamsikia mama akimwita mwanawe akae karibu. Mtunzi anayeanza na "Enyi wanadamu wote" mara nyingi hana anayemwona usoni.

Wataniuliza kuhusu mashairi yasiyo na vina. Ubishi huo ulichemka miaka ya 1970, hasa mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, kitabu chake cha mashairi yasiyofuata vina, mwaka 1974, na wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Mimi sisemi hivyo. Nasema tu kwamba asiye na kina amejinyima mhimili mmoja, kwa hiyo picha zake, pumzi yake na mahali anapokata mstari lazima vibebe mzigo wote. Anayekimbia vina kwa sababu vimemshinda huonekana mara moja.

Ukimaliza, usilitume popote siku hiyohiyo. Liweke siku tatu. Kisha liimbe mbele ya mtu mwenye shughuli, anayechambua mchele au anayekaza nati, na umtazame mikono. Ikisimama mahali, hapo pana shairi. Ikiendelea tu, rudi.

Fundi wangu alimwimbia mama yake mwenyewe, alfajiri, jikoni. Mama akaacha upawa hewani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Bakuli lipi? Unga wangu siku zote uko ndooni." Jumamosi iliyofuata alikuja amekunja uso. "Wafurika ndooni", nikahesabu naye kwa makofi: saba. Alizunguka barazani akinong'ona, akaenda mpaka kwenye mwarobaini, akarudi.

"Umefurika ndooni," akasema, na makofi yakawa manane.