Usisubiri tangazo: andaa faili lako la ajira za serikali sasa

Kila Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira za serikali hapa Tanzania, ikitoa tangazo la kazi, steshenari yangu hujaa siku za mwisho. Mwanzoni watu wanapita, wanasalimia, wanaondoka. Dirisha likikaribia kufungwa ndipo mmoja anagundua hana cheti cha kuzaliwa, na mwingine anaona majina yake hayafanani. Wachache wanaoitwa kwenye usaili, mtaani husemwa wana bahati au wana mtu. Hayo ya kuwa na mtu sibishani nayo. Ninachojua ni kwamba tangazo hukaa wazi kama wiki mbili tu, na kuna karatasi hapa nchini huzipati kwa wiki mbili hata ukimbie vipi. Kwa hiyo haya yafanye sasa, wakati hakuna tangazo lolote. Nimeyaandika baada ya kuhangaika na faili la binti wa jirani yangu, mhitimu wa uhasibu.

Hatua ya 1: Barua pepe na laini ya simu

Viwe vya kwako. Usikubali steshenari ikufungulie barua pepe kwa simu yake na nenosiri libaki kwake. Nasema hivi nikiwa mwenye steshenari: siku kijana wa kaunta akiacha kazi, akaunti yako nayo imeondoka.

Hatua ya 2: Akaunti ya Ajira Portal

Huu ndio mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti unaotumia kuomba kazi. Andaa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, jisajili, jaza. Mfumo utakuongoza wenyewe.

Hatua ya 3: Majina

Hapa ndipo pa kukaa. Chukua cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, na cha chuo. Vipange mezani usome herufi kwa herufi. Kutupia jicho hakutoshi. Kwa mkaguzi, Mohamed na Mohammed ni watu wawili, na Yohana wa cheti cha kuzaliwa si lazima awe John wa kidato cha nne. Angalia jina la kati lililofupishwa kuwa herufi moja, majina yaliyobadilishana nafasi, jina la babu lililokaa mahali pa ukoo, na dada zetu waliojiandikisha NIDA kwa jina la mume ilhali vyeti vya shule vina jina la baba. Kisha linganisha tarehe ya kuzaliwa.

Ukikuta tofauti, kabla ya kutafuta wakili amua kwanza upande upi utarekebishwa. Ushauri wangu: fuata vyeti vya taaluma. Cheti cha shule cha Baraza la Mitihani (NECTA) ndicho kigumu kuliko vyote kukigusa. Nimeona watu waliofanya kinyume, wakabadili majina yafanane na NIDA, wakabaki na rundo la vyeti vya shule vinavyowakana.

Halafu kuna kiapo na kuna hati ya kubadili majina, ile ambayo wengi huiita didipoli. Kiapo kinasema majina haya yote ni ya mtu mmoja. Wakili anaweza kukimaliza siku hiyo hiyo. Hati ya kubadili majina inasema unaacha jina fulani na tangu sasa unatumia hili, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Kwenye matangazo ya kuitwa usaili nimekuwa nikiona wenye majina yanayotofautiana wakitakiwa waje na hati hiyo, kwa hiyo wakili akikwambia kiapo kinatosha, mwonyeshe tangazo. Na muhuri wa wakili peke yake si usajili. Watu hupoteza muda hapa kwa sababu karatasi inapendeza, ina stempu na saini, kumbe kwa msajili haijafika.

Ukishasajili, ipeleke NIDA warekebishe. Usijiandikishe upya kama mtu mpya ili kukwepa usumbufu. Kujiandikisha mara mbili ni kosa kisheria, na alama za vidole zitakuumbua.

Kama cheti cha kuzaliwa huna kabisa, anzia RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, ukiwa na vielelezo ulivyonavyo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi. Sisitiza jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne. Ukisema hivyo mapema, yote niliyoeleza juu ya wakili na msajili huenda usiyahitaji.

Hatua ya 4: Kuthibitisha na kuskani

Nakala zithibitishwe na wakili, kisha skani kwa mashine ya mezani. Programu za simu sizipendi: zinakata kona, zinaacha kivuli cha mkono, na namba ya cheti haisomeki. Rangi ya kijivu, dpi 200, inatosha na faili halizidi ukubwa unaoruhusiwa. Lipe kila faili jina linaloeleweka. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Kama ulisoma nje ya nchi, uhakiki wa vyeti vyako (TCU au NACTVET kwa vya chuo, NECTA kwa vya shule) uuanze leo.

Hatua ya 5: Barua ya maombi

Isaini. Anwani inakili kutoka kwenye tangazo jipya, maana Sekretarieti ilihamia Dodoma zamani na bado naona barua zenye anwani ya Dar es Salaam.

Hatua ya 6: Kusoma kabla ya kuitwa

Wengi huanza kusoma wakishaona majina yao kwenye orodha ya usaili. Wakati huo umebakiwa na siku chache, na nauli na malazi unajigharamia mwenyewe, kwa hiyo akili yote iko kwenye kutafuta hela.

Tafuta matangazo ya zamani ya kada yako. Sehemu ya majukumu ya kazi ndiyo silabasi yako. Geuza kila jukumu liwe swali, kisha lifanye kwa mkono. Kwa mhasibu kuna usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha daftari lako na taarifa ya benki hadi ujue tofauti imetoka wapi. Binti nilimpa taarifa za benki za steshenari na daftari langu la mauzo, akasuluhisha mwezi mzima kwa kalamu. Alikuwa na alama nzuri chuoni, lakini hundi ambazo hazijafika benki zilimsumbua. Ongeza Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, na Kanuni zake za 2022. Zile PDF za "maswali ya usaili" zinazouzwa WhatsApp achana nazo. Nyingi hazina hata majibu sahihi.

Hatua ya 7: Baada ya usaili

Ukifaulu na nafasi zikajaa, jina lako linaweza kuwekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, ukapangiwa kituo baadaye nafasi ikipatikana. Kwa hiyo endelea kufungua orodha za kuitwa kazini hata kama umeshakata tamaa na kada hiyo, na vyeti halisi viwe mahali unapoweza kuvifikia siku hiyo hiyo, si kwa shangazi mkoani. Laini ya simu uliyojazia maombi usiiache ikafungwa kwa kutotumika. Kama imeshapotea, nenda na namba yako ya NIDA kwa wakala wa mtandao wako, uirudishe kabla ya kufanya kingine chochote.