Jinsi ya kuisoma LHCII kwenye PyMOL: anza kwa kuificha protini

LHCII ndo antena kubwa ya mmea kwenye usanisinuru, imejaa kwenye utando wa thailakoidi (vile vifuko vya ndani ya kloroplasti), inanasa mwanga na kupeleka nishati hasa kwa fotosistimu ya pili, mojawapo ya mitambo ya protini inayotumia nishati hiyo. Shida ni kwamba mtu akifungua muundo wake mara ya kwanza anakutana na utepe umejisokota kila upande, anauzungusha weee, haambulii kitu. Mi nasema anza na klorofili, protini itakuja yenyewe baadaye.

Fungua PyMOL, ile programu ya kuangalia miundo ya molekyuli, uandike fetch 2bhw (2bhw ni kodi ya muundo kwenye hifadhi ya PDB). Hiyo ni LHCII ya njegere iliyotoka 2005, ukali wa picha yake ni angstromu 2.5 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita, namba ikiwa ndogo picha ni kali zaidi). Kuna 1RWT ya spinachi pia, ya 2004, nzuri tu ila faili lake lina nakala nyingi na litakuchanganya bure. Kwenye 2bhw utaona vipande vitatu vinavyofanana vimekaa mduara, baki na kimoja: remove not chain A.

Sasa hide everything, halafu show sticks, resn CLA+CHL. CLA ni klorofili a, CHL ni klorofili b, zipe rangi tofauti. Ongeza show spheres, elem Mg ili ile magnesiamu ya katikati ya kila klorofili ionekane kama tufe. Hesabu tufe, zinatakiwa 14, yaani a nane na b sita. Ukipata 42 ujue hujafuta vile vipande viwili vingine. Na ukikuta kitabu cha zamani kinasema 12 usigombane nacho, muundo wa Kühlbrandt, Wang na Fujiyoshi wa 1994 ulikuwa wa angstromu 3.4 na ndo walizoziona.

Zungusha taratibu mpaka tufe zijipange tabaka mbili, upande wenye nane ni wa stroma (nje ya thailakoidi), wenye sita ni wa lumeni (ndani yake). Pima umbali kati ya tufe na tufe jirani, zilizobanana sana ziko kama angstromu 10 hivi, na hapo ndo utamu wenyewe ulipo, maana kwa ukaribu huo nishati inaruka kutoka b kwenda a ndani ya pikosekunde chache tu, haipati hata muda wa kupotea. Sogeza karibu CHL moja na CLA moja uzilinganishe, tofauti ni kundi moja dogo pembeni ya ringi, a ina methili, b ina formili, basi, na hiyo inatosha kubadilisha rangi ya mwanga inayonaswa.

Rudisha protini sasa: show cartoon. Heliksi tatu, yaani sehemu za protini zilizojisokota kama springi, zinapita kwenye utando, A na B ndo ndefu na zimepishana kama X. Andika show sticks, byres (polymer within 3 of elem Mg) uone nani kashika magnesiamu. Kuna amino asidi hizi: histidini, asparajini, glutamini, na glutameti. Glutameti ndo ya kukodolea macho: Glu65 (glutameti namba 65 kwenye mnyororo) iko heliksi A na chaji yake inatulizwa na Arg185 (arijinini namba 185) ya heliksi B, upande wa pili Glu180 na Arg70 wanafanya vilevile kinyume chake, kwa hiyo amino asidi zilezile zinazoshika klorofili ndo zinazofunga heliksi mbili pamoja. Klorofili nyingine hazishikwi na protini kabisa, kuna zinazoshikwa na maji na kuna moja inayoshikwa na lipidi, usishangae ukikosa kitu hapo.

Karotenoidi, zile rangi za njano zinazosaidiana na klorofili, ziko nne, kodi zake zisome kwenye listi ya molekyuli ndogo ya faili. Luteini mbili zimelala kwenye mifereji ya ile X, hizi zinazima klorofili iliyopata nishati ya ziada kabla haijazalisha oksijeni yenye madhara. Neozanthini iko jirani na heliksi C, imejitokeza nje. Violazanthini iko ukingoni, pale vipande vinapogusana, na kwa sababu umeshafuta jirani zake utaiona inaning'inia tu hewani, so fanya fetch upya na vipande vyote vitatu ndo uielewe.