Soli ya kiatu ikibanduka usikimbilie supa gluu

Jamani wa Moshi mnaonunua viatu vya mtumba pale soko la Memorial, soli ikiachia usimwagie supa gluu, ile ikikauka inakuwa ngumu kama kioo na soli inapinda kila hatua, so siku mbili tu imekatika tena. Chukua gundi ya viatu ile ya njano ya kopo.

Kwanza sugua pande zote mbili na msasa mpaka ule mng'ao uishe, futa vumbi, kausha kabisa, kisha paka nyembamba kotekote na USIBANDIKE bado, subiri kama dk 10 hadi 15, gusa na kidole, ikiwa hainati kidoleni ndo ubandike kwa nguvu ugonge na nyundo. Hapo kwenye kusubiri ndo wengi wanaharibu kwa haraka zao. Paka nje, harufu yake inaleta kizunguzungu.

Supa gluu, mfano Loctite ya Henkel wa Ujerumani, ni ya kikombe kilichokatika mkono. Chuma tumia gundi ya Araldite ya tyubu mbili, changanya zote mbili sawasawa, na baridi hii ya mwezi wa saba iache mpaka kesho yake.