Keneli imepaniki? Dampu la memori unalipata hivi

Nianze na habari mbaya, kama seva yako ya Linux ishaanguka na hukuwa umeweka kdump (inayohifadhi memori keneli, yaani kiini cha mfumo, ikianguka) basi hakuna dampu, yaani nakala ya memori, la kutafuta, ukishaizima na kuwasha memori imepotea na kwenye logi mara nyingi hamna kitu, maana keneli ikifa ghafla haipati hata nafasi ya kuandika kwenye diski. Kwa hiyo haya ni ya kufanya sasa hivi mashine ikiwa nzima.

Inavyofanya kazi ni hivi: mashine ikiwaka inatenga kipande cha RAM, humo inapakiwa keneli ya pili inakaa tu kusubiri. Ya kwanza ikianguka, kexec (njia ya Linux ya kuwasha keneli moja kutoka kwenye nyingine) inawasha hiyo ya pili bila kupitia BIOS, ndo maana RAM haifutwi, halafu ya pili inaisoma memori ya marehemu kupitia /proc/vmcore na kuihifadhi.

Debian na Ubuntu weka pakeji ya kdump-tools, hakikisha USE_KDUMP=1 kwenye /etc/default/kdump-tools. RHEL na Fedora huduma inaitwa kdump, unaiwasha na systemctl. Kisha angalia crashkernel= kwenye /proc/cmdline, ndiyo inayosema RAM kiasi gani imetengwa. Hapa ndo wengi wanakwama: ukitenga kidogo, keneli ya pili nayo inaishiwa memori inakufa kabla haijaandika kitu. Mimi naanzia 256M, na mashine ikiwa na vifaa vingi naongeza. Ukibadilisha kwenye Debian/Ubuntu usisahau update-grub, alafu ristati.

Sasa soma /sys/kernel/kexec_crash_loaded, ikitoa 1 uko sawa. Lakini usiamini hiyo 1 peke yake, iangushe mwenyewe! Funga kazi zote, piga sync (data iliyobaki iandikwe kwenye diski), ingia kama root kabisa kisha:

echo c > /proc/sysrq-trigger

(sudo mbele ya echo haisaidii, kile kialama cha > kinaendeshwa na sheli yako wewe, sio root.) Mashine itakufa papo hapo, iache, usibonyeze chochote hata kama skrini imeganda, inaandika. Niliwahi kukosa subira nikazima, nikapata faili nusu.

Ikirudi nenda /var/crash, kuna folda yenye tarehe. Usishangae dampu ni dogo kuliko RAM, makedumpfile (programu inayoandika dampu) ikipewa -d 31 inaruka kurasa tupu, kashe na kurasa za programu za kawaida. Pembeni yake kuna faili la dmesg (ujumbe wa keneli), anza na hilo, mara nyingi jina la moduli iliyoleta balaa lipo humo na huhitaji kuendelea.

Kama halitoshi, fungua dampu lenyewe na programu ya crash, unaipa vmlinux (faili la keneli lisilobanwa) kisha faili la dampu. Ni vmlinux, sio vmlinuz ya kwenye /boot, na iwe na alama za dibagi na toleo lilelile lililoanguka hadi namba ya mwisho, la sivyo inakataa. RHEL pakeji ni kernel-debuginfo, Ubuntu tafuta yenye dbgsym. Ukiingia piga log usome ujumbe wa keneli, halafu bt uone kazi iliyokuwa inaendeshwa ilipitia wapi, mod ikuonyeshe moduli, ps uone michakato iliyokwama.

Na kama unalituma kwa mtu akusaidie, jua kwamba funguo za siri zinaweza kuwa humo ndani, mtumie dmesg kwanza.