Kabla ya Kwenda Kinderdijk, Jua Kwanza Maji Yako Wapi

Wengi huenda Kinderdijk, kijiji cha Uholanzi, kupiga picha za vinu vya upepo, wakarudi jioni bila kujua vile vinu vilikuwa vinasaga nini. Havisagi kitu. Vyote 19 vilijengwa kuvuta maji, na jambo la kuliweka kichwani kabla hujapanda boti pale Rotterdam ni hili: kijiji kiko chini kuliko mto.

Ukifika, simama juu ya tuta linalozuia maji ya mto, utazame pande zote mbili. Huku ni mto Lek, unaokutana hapo na mto Noord, na meli za mizigo zinapita. Kule ni malisho, mitaro na ng'ombe, na vyote viko chini ya usawa wa maji ya mto. Hali hiyo watu waliisababisha wenyewe. Alblasserwaard yote, yaani eneo linaloizunguka Kinderdijk, ilikuwa kinamasi cha mimea iliyooza. Wakulima wa Zama za Kati walichimba mitaro wapate pakavu pa kulima. Udongo ulipokauka ukasinyaa, ardhi ikadidimia, huku mto ukizidi kuinua sakafu yake kwa mchanga na tope. Mwaka 1277 Floris wa Tano, mtawala wa Holland, akawaunganisha wenye mashamba wayatunze matuta kwa pamoja. Bodi za maji za namna hiyo zipo hadi leo, zina uchaguzi wake na kodi yake.

Sasa vinu, kumi na sita kati ya hivyo 19. Mwaka 1738 vilijengwa vinane vya matofali, vya mviringo. 1740 vikafuata vinane vya pembe nane vilivyoezekwa matete, ng'ambo ya mfereji. Gurudumu la kila kinu lilichota maji ya mitaro ya chini na kuyapandisha kwenye bwawa lililo juu zaidi. Mto ukipungua, milango inafunguliwa, bwawa linamwagika mtoni. Mto ukijaa, maji yanasubiri bwawani, hata siku kadhaa. Kwangu mimi ujanja wote wa Kinderdijk uko kwenye huko kusubiri, wala si kwenye mapanga yanayopigwa picha. Pampu za mvuke zilikuja 1868, na leo kazi inafanywa na pampu za parafujo, yaani skrubu kubwa zinazozunguka na kupandisha maji, zilizo karibu na lango la wageni. Wageni huzipita bila kuzitazama. Wewe zitazame.

Utasimuliwa pia jina limetoka wapi. Kinderdijk ni "tuta la mtoto": inasemekana baada ya mafuriko ya usiku wa 18 kuamkia 19 Novemba 1421, susu ilionekana ikielea na kichanga ndani, paka akiruka huku na huku isipinduke. Hadithi tamu, ichukue kama hadithi. Mafuriko yenyewe ni kweli, na hayakuwa ya mwisho: Februari 1953 tuta lilibomoka Papendrecht, jirani kabisa na hapo.

Kuhusu safari yenyewe, beba koti lenye kofia. Mwavuli juu ya tuta utageuzwa na upepo kabla hujaufungua vizuri. Beba kadi ya benki, maana Uholanzi sehemu nyingi hazipokei noti. Njia ya kupita kati ya vinu ni ya umma, unatembea bure. Tiketi ni ya boti na vinu vilivyofanywa makumbusho. Vingi vingine ni nyumba za watu, kwa hiyo ukiona nguo zimeanikwa uani, usiingie.

Na ukienda na watoto, washike mkono. Mapanga ya vinu hivi yana zaidi ya mita 25 kutoka ncha hadi ncha, na hushuka karibu kugusa majani. Siku ya upepo, ng'ombe wa hapo hawainui hata kichwa, lakini mtoto anayekimbiza mpira hasikii mlio wa panga mpaka limeshafika.