Kutuma fomu chinichini kwa WorkManager bila kuipoteza wala kuirudia

Mtumiaji amejaza fomu pasipo na mtandao, amebonyeza "Hifadhi", simu ameirudisha mfukoni. Fomu hiyo lazima ifike kwenye seva baadaye bila yeye kugusa chochote, hata kama hapo katikati simu ilizimwa na kuwashwa. Kwenye Android kazi ya namna hii hukabidhiwa WorkManager, maktaba ya kuendesha kazi za chinichini. Huandika kila ombi kwenye hifadhidata yake yenyewe, ndiyo maana ombi halipotei simu ikizimwa.

Kinachowaponza wengi ni kudhani wanaamuru. Hapa unaomba tu: wewe unataja masharti, mfumo ndio unaochagua muda. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia bila kuguswa wala kuchajiwa huingia katika usingizi uitwao Doze. Programu hunyimwa mtandao, na kazi husubiri vipindi vifupi ambavyo mfumo hufungua mara mojamoja. Android 9 ikaongeza ukali: programu isiyofunguliwa siku nyingi hupewa nafasi chache zaidi. Kwa hiyo kengele inayotakiwa kulia saa 12 kamili asubuhi si ya kuletwa huku. Hiyo ni ya AlarmManager, na programu inayolenga Android 12 kwenda juu huihitajia ruhusa maalumu.

Anza na kazi yenyewe (`dao` husoma na kuandika hifadhidata yako ya fomu, `seva.tuma` hutuma fomu moja na kurudisha namba ya jibu la seva):

```kotlin
class TumaFomu(c: Context, p: WorkerParameters) : CoroutineWorker(c, p) {
    override suspend fun doWork(): Result {
        try {
            for (fomu in dao.zinazosubiri()) {
                when (seva.tuma(fomu)) {
                    in 200..299 -> dao.wekaHali(fomu.uuid, "imetumwa")
                    408, 429, in 500..599 -> return Result.retry()
                    else -> dao.wekaHali(fomu.uuid, "imekataliwa")
                }
            }
        } catch (e: IOException) {
            return Result.retry()
        }
        return Result.success()
    }
}
```

Tazama tawi la `else`. Seva ikijibu 400, fomu ile ni mbovu na haitapona kwa kutumwa mara kumi. Ukirudisha `retry()` hapo, fomu moja mbovu itaziba njia ya zote zilizo nyuma yake, tena milele, kwa sababu WorkManager haina kikomo cha majaribio. Itie alama, endelea na inayofuata, kisha mwonyeshe mtumiaji airekebishe. (Tokeni iliyokwisha muda, yaani 401, iwe imeshafanywa upya ndani ya `seva.tuma`, hilo si kosa la fomu.)

Tena, kamata `IOException` peke yake. Anayekamata `Exception` nzima humeza pia `CancellationException`, ambayo ndiyo njia ya mfumo kumwambia "simama". Kazi hukatizwa masharti yakivunjika, au ikipita dakika 10. Ukiwa na mzigo mkubwa kuliko dakika hizo, ukate vipande.

Sasa ombi, linalowekwa kila fomu inapohifadhiwa:

```kotlin
val masharti = Constraints.Builder()
    .setRequiredNetworkType(NetworkType.CONNECTED)
    .build()

val ombi = OneTimeWorkRequestBuilder<TumaFomu>()
    .setConstraints(masharti)
    .setBackoffCriteria(BackoffPolicy.EXPONENTIAL, 1, TimeUnit.MINUTES)
    .build()

WorkManager.getInstance(context).enqueueUniqueWork(
    "tuma-fomu", ExistingWorkPolicy.APPEND_OR_REPLACE, ombi)
```

Kwa nini si `KEEP`? Tuseme kazi inaendelea na imeshasoma orodha ya fomu zinazosubiri. Sekunde hiyohiyo mtumiaji anahifadhi fomu mpya. `KEEP` itaona kazi ya jina hilo ipo na kulitupa ombi jipya, na fomu ibaki imekwama. `APPEND_OR_REPLACE` hulipanga nyuma ya lililopo.

Subira ya kabla ya kujaribu tena, iliyowekwa hapo juu kwa `setBackoffCriteria`, huongezeka dakika 1, 2, 4, 8, na kuendelea hadi kikomo cha saa 5. Usipoiweka, huanzia sekunde 30. Chini ya sekunde 10 haikubaliwi.

Usipitishe fomu au picha ndani ya `Data` ya ombi. Mwisho wake ni kilobaiti 10, na ukizidisha programu inaanguka. Data ikae kwenye hifadhidata yako, kama ilivyo hapa.

Ongeza pia kazi ya kurudiarudia, mathalani kila saa 6, ya kufagia mabaki. Ukiandika muda chini ya dakika 15, WorkManager huupandisha kimyakimya hadi 15. Huku `KEEP` inafaa, lakini ina mtego: ukibadilisha saa 6 kuwa 12 katika toleo jipya, waliokuwa na toleo la zamani watabaki na 6. Tumia `UPDATE`, iliyopo tangu toleo la 2.8. Na usibadilishe jina la klasi `TumaFomu` baada ya kuitoa programu kwa watu. Maombi yaliyohifadhiwa hulitafuta jina lile la zamani, yasipolipata yanafeli.

Kwa iPhone, mwenzake ni BGTaskScheduler, iliyokuja na iOS 13. Sajili kitambulisho kwenye Info.plist, sajili kazi kabla programu haijamaliza kuwaka, na kila ikifanyika uiombe upya, kwani ombi moja ni la safari moja tu. Mtumiaji akiifuta programu kwenye orodha ya zilizo wazi, kazi hazianzishwi mpaka aifungue tena.

Kazi ikigoma kuanza kwenye Android, usibahatishe. Kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu, endesha `adb shell dumpsys jobscheduler`, tafuta jina la programu yako, usome mstari wa `Unsatisfied constraints`. Sharti linalokosekana limetajwa pale. Doze huigizwa kwa `adb shell dumpsys deviceidle force-idle`, na kuondolewa kwa `unforce`. Kama programu ilisimamishwa kwa nguvu kutoka kwenye mipangilio, hakuna kitakachofanyika hadi ifunguliwe, na hilo halina dawa kwenye msimbo. Simu za watengenezaji kadhaa hufanya hivyohivyo ukiitelezesha tu programu.

Jaribio lenye maana kuliko yote ni la kukatiza. Seva inaweza kupokea fomu, jibu likapotea njiani, na kazi ikatuma tena. Ndiyo sababu kila fomu ina `uuid`, yaani kitambulisho chake cha pekee, inayotengenezwa kwenye simu, na seva ikiiona mara ya pili ijibu 200 bila kuandika kitu. Hifadhi fomu 20, zima mtandao zikiwa zinatumwa, washa, kisha hesabu safu kwenye seva. Ziwe 20, si 19 wala 21.