Lehemu viungo vya juu kabla ya miguu ya kizimba

Ukijitengenezea gari la mbio fupi za mstari ulionyooka, viungo vya kizimba (fremu ya mabomba inayomlinda dereva gari likipinduka) vilivyo chini ya paa ndivyo vitakavyokusumbua: tochi ya kulehemu haifiki upande wa juu, kiungo kinabaki nusu. Toboa sakafu chini ya kila mguu, tundu lizidi bomba kidogo tu. Shikiza viungo vyote kwa nukta za kulehemu, shusha kizimba kizima kupitia matundu hayo, chomelea mzunguko kamili, kisha kipandishe na uzibe kila tundu kwa bamba la inchi 6 kwa 6, unene inchi 1/8. Nukta zikiwa chache kitapinda wakati wa kukishusha.

Bomba la maji halifai, hata likionekana nene. Kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi Marekani, zinataka bomba la kizimba lenye kipenyo cha inchi 1 5/8. Unene wa ukuta wa bomba usipungue inchi 0.118 kwa chuma cha kawaida, au 0.083 kwa kromoli (chuma chenye kromi na molibdeni), ambayo hulehemiwa kwa TIG pekee, yaani kwa elektrodi ya tungsteni na gesi ya kinga. Na mshono usiupitishie grinda ili upendeze: unapunguza chuma, na mkaguzi atalikataa gari.